Kidole Changu na Kifyatulio cha Bunduki ya Kindi

Jumatano, 30 Julai

Mdomo wangu huu! Jumapili mezani Dwight alianza tena. Mama una miaka sabini na mbili, mama msitu unateleza, mama hiyo bunduki niachie mimi. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia siku ya kwanza ya msimu, jua likizama sijaangusha kindi hata mmoja, njoo uichukue, na msituni sitatia mguu tena. Mwanangu akanyoosha mkono kama wauza ng'ombe. Tukashikana mikono!

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Mwaka jana nilirudi mikono mitupu msimu mzima, nikisema kindi wamepungua. Wamepungua wapi! Walikuwa wananicheka kutoka juu ya miti. Ni kidole. Baridi yabisi imekipinda, na bunduki hii ya marehemu mume wangu Harlan, ile ya risasi nyembamba za namba ishirini na mbili, kifyatulio chake ni kigumu ajabu. Navuta, navuta, na kabla risasi haijatoka mtutu umeshahamia mti mwingine, basi naacha.

Msimu unafunguliwa tarehe 16. Siku kumi na saba.

Alhamisi, 31 Julai

Nimepima ugumu wenyewe. Risasi nimetoa zote, nimehakikisha mara mbili. Nikafunga kamba kwenye kifyatulio, nikaning'iniza pakiti ya unga wa ngano, ratili tano, nikainua bunduki juu. Kimya. Pakiti inabembea tu. Nikaongeza kopo la maharage, ratili moja. Kimya. Kopo la pili — tak! Ratili saba! Kidole kizima cha mtu mzima kingelalamika, sembuse changu.

Nikarudia mara kama ishirini, kwa kidole na kwa kamba. Mara ya mwisho kamba ikakatika na unga ukapasuka sakafuni. Na nani anaingia mlangoni wakati huo? Dwight! Akatazama bunduki juu ya meza, akatazama unga hadi kwenye viatu vyangu.

"Mama, siku hizi bunduki inapikwa?"

"Nasafisha."

"Kwa unga?"

"Unga unanyonya mafuta. Hujui kitu wewe."

Akaondoka anatikisa kichwa. Sasa atawaambia watu nimeanza kuchanganyikiwa.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimeipeleka kwa Estil Skaggs, ng'ambo ya kijito. Huyu alitengeneza meno ya bandia miaka arobaini kabla ya kustaafu. Nusu ya watu kanisani wanatafuna kwa kazi ya mikono yake. Ana vijigurudumu vya kung'arisha, vidogo kuliko punje ya mahindi, na bunduki zake zote amezilainisha mwenyewe.

Nikamweleza. Akaniuliza kama nimekuwa nikifyatua bila kitu ndani. Nikasema ndiyo, juzi mara ishirini hivi. Akashika kichwa!

"Bi Lorene, utaiua! Risasi ndogo hizi hupigwa ukingoni. Isipokuwepo, pini inakwenda kugonga chuma cha mtutu. Mara ishirini? Harlan angekufukuza nyumbani."

Akanipa vile vijiplastiki vya njano vinavyotiwa ukutani kabla ya skurubu. Vinaingia pale pa risasi sawasawa, pini inagonga plastiki. Maisha yangu yote natundika picha kwa vitu hivi, sikujua.

Amesema ndani kuna ndoano inayoshikilia pini ya kupigia, na uso wake una mikwaruzo, ndiyo maana kifyatulio kinagoma. Ataisugua. Nirudi Jumanne. Halafu akaniambia nisitafune kitu kigumu kwa siku mbili. Mazoea ya kazi hayo!

Jumanne, 5 Agosti

Ee Mungu wangu, utamu! Nimetia kiplastiki, nimeweka kidole, sijafikiria hata kuvuta — tik. Estil akapima kwa mizani yake ya samaki. Ratili moja na nusu. Kidogo nimbusu.

Bahati sikumbusu. Nilifunga tena komeo la bunduki, lile la kuiandaa ifyatuke, taratibu. Tik! Peke yake! Kidole changu kilikuwa hewani. Nikafunga mara nyingine, ndoano ikashika, nikagotesha kitako cha bunduki kwenye zulia. Tik!

"Estil! Hii ingekuwa na risasi ningekuwa nimempiga paka wako!"

Masikio yakamwiva. Akasema alisugua zaidi kidogo, kwamba mkono ulizoea meno, na meno hayajawahi kuwa laini kupita kiasi. Nikamwambia meno hayaui mtu. Akasema nikamuulize mama mkwe wake. Sikucheka. Nilicheka njiani, peke yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Sisemi na Estil. Ameacha pai ya matunda meusi mlangoni, na karatasi: ameagiza ndoano mpya na springi laini zaidi, vinakuja kwa posta kwa jina langu. Pai nimeila. Bado sisemi naye.

Jumatatu, 11 Agosti

Mambo yamevuja. Mleta barua anatuchanganya, maana wenye jina la Fugate barabara hii ni mimi na mwanangu tu, na kifurushi kikaenda kwa Dwight. Akakifungua akidhani ni vipuri vyake vya mashine ya kukata nyasi.

Alikuja mchana, akakiweka mezani, akaketi bila kuvua kofia.

"Springi ya kifyatulio, Mama?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshaandaa uongo mzuri tu. Lakini nilichoka, nikamwonyesha kidole. Nikamwambia mwaka jana sikufyatua hata risasi moja, kindi wako tele, ni mimi niliyepungua. Nikaona haya kulitamka hilo mbele ya mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Akavua kofia. Halafu akasema hiyo bunduki yeye haitaki. Hajawahi kuitaka.

"Kindi mwenyewe simpendi, Mama. Tangu nina miaka tisa nilikuwa namtupia mbwa chini ya meza."

Miaka arobaini! Mchuzi wangu wa kindi, na mikate ya magadi moto moto, na yeye anasema asante mama, mchuzi umetulia leo! Ndiyo maana yule mbwa alinenepa vile. Nimeumia kuliko hata suala la bunduki.

Basi ya nini kunisumbua, nikamuuliza. Akasema bunduki ikiwa kwake, mimi nitakaa nyumbani. Kwamba aliyemkuta baba yake amekufa msituni ni yeye. Harlan ameegemea mti, kofia usoni, na Dwight akamwita mara tatu akidhani amelala.

Nikammiminia kahawa.

Lakini tumeshikana mikono, nikamwambia, na siku ya siku nitakwenda. Akasema sawa, na yeye atakuja, kushuhudia. Mkaidi! Sijui kamrithi nani.

Kifurushi amekiacha mezani. Angeweza kukitupa mtoni nisijue kamwe.

Jumatano, 13 Agosti

Nasema na Estil. Amefunga ndoano mpya, ameigusa kidogo sana safari hii, mimi nikiwa nimemsimamia. Springi nayo mpya. Ratili tatu kamili. Tumegotesha kitako kwenye zulia mara thelathini, tumefunga komeo kwa nguvu, kwa upole, kwa hasira. Estil akaipiga kwa nyundo ya mpira. Haikutoka hata mara moja! Paka alihama nyumba lakini salama.

Kisha nyuma ya banda, risasi za kweli, mfuniko wa chupa ya jemu, hatua ishirini na tano. Risasi tano. Matundu matano! Nikakaa chini kwenye nyasi nikalia kidogo. Estil akajifanya anatafuta maganda ya risasi.

Ijumaa, 15 Agosti

Kesho. Mkate wa mahindi tayari, buti tayari. Kidole kimelala kwenye maji ya moto.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi, msituni. Dwight amekuja na kiti cha kukunja kinacholia kila akipumua, na pakiti ya viazi vikavu vya kukaanga. Krap, krap, krap! Nikampokonya pakiti. Akaanza kukohoa. Kindi waliosikia kikohozi kile sasa wamevuka jimbo, wako Tennessee.

Saa tatu hivi nikaona mmoja, wazi kabisa. Nikamkosa! Kosa si la Estil. Kidole kimezoea kupigana, kikavuta kama zamani, risasi ikatoka kabla sijatulia. Dwight akasema pole. Hakutabasamu, nilimtazama vizuri.

Jioni. Tumekula nyumbani, tumerudi. Dwight ndiye aliyechagua mahali, chini ya mhikori, ule mti wa karanga ngumu, alipoketi Harlan siku ile ya mwisho. Kiti amekiacha kwenye gari. Tumeketi chini, mabega yamegusana.

Kisha akasema, akitazama mbele, kwamba mwaka jana kila Jumamosi alikuwa barabarani ndani ya gari mpaka anione natoka msituni. Nilidhani alikuwa kwenye mpira!

"Nilikuwa nasikiliza mlio wa bunduki, Mama. Nikisikia mlio najua upo hai. Msimu mzima sikusikia hata mmoja."

Nimemfanyia hivyo mwanangu. Na mimi nikija nyumbani nasema kindi wamepungua.

Nilipogeuka nimjibu, alikuwa amesinzia. Kichwa chake kiko kwenye bega langu la kushoto. Anakoroma taratibu. Nimeegemeza bunduki kwenye goti la kulia, naandika kwa penseli.

Ametoka! Kindi mnene, wa rangi ya kutu. Kashuka tawi la chini, hatua ishirini, hata hazifiki. Anatafuna karanga ya mhikori, maganda yanaanguka kama mvua. Mkoromo wa Dwight haumshughulishi kabisa. Kidole kiko tayari. Lakini mkono wa kushika mtutu ni wa kushoto, na huo umelaliwa. Nikiuchomoa ataamka, akiamka atapayuka, na kindi ndiyo basi. Nisipouchomoa, jua linazama na neno langu liko pale pale: msituni sitatia mguu tena.

Jua limegusa kilima. Kindi ameokota karanga nyingine, ameigeuzageuza. Sasa jua limebaki nusu. Mate ya mwanangu yananilowesha bega, na sijatikisika.