Harufu ya Ndizi Mbivu Mzingani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya Mama, ambaye bila shaka ameacha chungu jikoni asikie unavyosoma. Mnaendeleaje huko Ihembe? Kahawa imechanua? Mimi huku Sikonge ni mzima, ila nimekonda kidogo. Ni ugali kila siku, ndizi za kupika naziota tu.

Baba, Mama alinieleza yote kwenye simu. Ulikuwa unarina asali, Kemilembe akakuletea kikombe cha omuramba, juisi ya ndizi aliyotoka kuikamua, na alipofika tu nyuki wakawashukia. Ukasema nyuki walioachwa na Babu hawajawahi kumkataa mtu wa nyumba hii, na wakimkataa mkwe basi ana lake moyoni. Sasa mke wangu yuko kwao Ihanda wiki ya tatu, na baba yake amesema harudi kwa kutumiwa ujumbe. Nakuheshimu sana, Baba, lakini hapo ulikosea.

Juzi asubuhi nilipata ndizi mbivu mbili sokoni, nikazila kwa uroho wote njiani kwenda kambini kwetu kurina asali. Msimamizi wetu, mama wa Kinyamwezi asiye na mzaha kazini, akaninusa mikono.

"We Mhaya, unataka kutuua? Kanawe kwanza."

Nimechoka kumweleza kuwa mimi ni Mnyambo. Nikadhani ananionea tu. Akaning'olea mwiba ambao nyuki alikuwa ameuacha kwenye glavu yake, akasema, "Nusa." Nikanusa, na machozi yakanilenga. Ilikuwa harufu ya nyumbani siku ya kukamua, ndizi mbivu tupu.

Akanieleza kuwa nyuki huambizana mengi kwa harufu. Anayeuma huacha mwiba, na pale penye mwiba hutoka harufu ya kuwaita wenzake: adui yuko hapa, njooni. Harufu hiyo na ya ndizi iliyoiva ni karibu sawa. Ndiyo maana warinaji wa huku hawagusi ndizi siku ya kazi.

Sasa fikiria, Baba. Kemilembe alikuwa anakamua tangu alfajiri, kwa agizo lako, maana ulitaka pombe ya rubisi na asali viwe tayari pamoja kwa ubatizo. Omuramba ulikuwa umemlowesha hadi viwikoni. Akaja mzinga ukiwa umeshafunguliwa. Nyuki walinusa mikono yake, moyo wake hawakuujua. Wewe hayakuwahi kukupata kabla ya siku hiyo kwa sababu kukamua umetuachia sisi.

Nilimpigia kumweleza haya, nikidhani atafurahi. Yeye akauliza tu kama jicho lako lililovimba limefunguka.

Naomba uende Ihanda mwenyewe, usimtume Baba Mdogo. Wewe ndiye uliyeniposea. Nikienda peke yangu watanipa chai, mke hawatanipa. Najua ni vigumu kwako kumwambia mkwe kuwa umekosea. Mwambie hivyo hivyo kwa shida. Nampenda, Baba, na wewe nakupenda, sitaki kuchagua.

Nisalimie Bibi, umwambie miguu yake naiombea. Msalimie Shangazi, na Baba Mdogo asinune kwa niliyoyasema. Kwa Kemilembe ningetuma salamu kama kawaida yangu, ila hayupo hapo wa kuzipokea.

Ni mimi mwanao,
Projestus