Pasta Aliniuliza Kama Nimekula

Eunice uko macho? Amka. Nimefanya ujinga.

Unajua vile nimekuwa na wivu juu ya bwana yangu Katoo na wale wanawake wa usiku wa pale malori hulala. Kila Ijumaa huyo pasta wangu anabeba thamosi yangu na vikombe vyangu vya wageni, ati ni huduma ya usiku. Vikombe vya wageni, Eunice! Mimi nakunywa na ile ya plastiki.

Leo nikamfuata. Nikajifunika shuka mpaka kichwa, nikaketi na hao wanawake hapo barabara ya Namanga nione ni nani huyo ananishinda.

Akakuja mpaka kwangu. Yeye huwa hamuliki mtu usoni na tochi, ati asimwaibishe, kwa hivyo hakunijua. Bwana yangu wa miaka kumi na moja! Akapiga magoti kwa vumbi, akanimiminia chai, akauliza polepole, "Mama, umekula leo?"

Umekula leo! Hiyo swali sijawahi kuulizwa kwa hiyo nyumba.

Nikanong'ona, "Sijakula." Akanipea mkate yake mwenyewe.

"Uko na mtu nyumbani?"

Nikamwambia niko na bwana, lakini usiku huwa hayuko.

Unajua alifanya nini? Akafunga macho, akaomba mpaka sauti ikamkauka: "Mungu, mrudishe huyu bwana kwa bibi yake."

Nikasema amina. Ningesema nini?

Saa hii ni saa tisa, niko kwa kitanda. Bado hajarudi.