Ndoo Iliyokataa Kunyanyuka

Hjulsta, huku Ulaya, Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke Rumonge, Burundi. Asubuhi theluji nyepesi, mchana jua lisilo na joto.



Mdogo wangu Salvatori amenitunzia kiwanja cha baba huko Rumonge miaka yote hii. Sasa mwanawe anaoa na anataka kujenga hapo. Wiki iliyopita alinipigia simu: "Kaka, usiniambie tena mwakani. Unakuja au huji?" Nilimwahidi jibu kesho Jumapili, baada ya misa. Nilikuwa nimeshaliandaa.

Mwakani.

Leo nilikwenda bustanini. Chama chetu cha wenye bustani kimetutaka tuondoe vitu ukutani mwa vibanda, maana bomba la maji litapita hapo. Kitu changu kilikuwa kimoja: ndoo ya rangi ya lita ishirini yenye mmea ambao wenyeji wa hapa huuita libbsticka. Jina lake la Kiswahili sijalipata. Unanukia kama seleri. Kila majira ya baridi hufa juu, theluji ikiyeyuka huchipua, na kufika Julai huwa umenipita kimo. Majani tunatia kwenye maharagwe. Mbegu tunachemsha tumbo likijaa gesi.

Mboga nyingine zote nimepanda ardhini. Huu niliuweka kwenye ndoo kwa sababu unaishi miaka mingi, nami nilitaka kuondoka nao siku nitakaporudi kwetu. Udongo wa ndoo huganda upesi, kwa hiyo kila Oktoba, miaka kumi na miwili, nimeuzungushia magunia na majani makavu.

Nilishika mpini, nikavuta. Wapi! Nikadhani imeganda. Nikavuta kwa mikono miwili, mpini ukang'oka. Nikapiga magoti na kufukua.

Mizizi minene kuliko kidole gumba ilikuwa imetokea kwenye matundu niliyotoboa mwenyewe kwa msumari wa moto, ikapasua kitako cha ndoo na kuzama. Nilifukua hadi mkono ukaingia mpaka kiwiko. Mwisho wake sikuuona.

Kumbe si magunia yangu yaliyouokoa.

Nilimwita mke wangu, Domitila. Alikuja na chupa ya chai, akachungulia. Hakushtuka hata kidogo.

"Baba Klodi, ina maana leo ndiyo unajua?"

"Wewe ulijua?"

"Mwaka ule ulipopasuliwa goti. Nilitaka kufagia hapo, haikusogea."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema, ungeikata hiyo mizizi."

Nilikaa chini kwenye udongo wenye maji. Ni kweli. Ningeikata, nikaendelea kufunga magunia.

Tumeikata ndoo kwa msumeno, vipande tumetupa. Mwenyekiti wa chama amekubali bomba lipinde kidogo kuupisha mmea.

Sikungoja kesho. Nimempigia Salvatori, nikamwambia kijana ajenge. Akauliza kama ninaumwa.

Siumwi. Sitarudi.