Vidonge Viwili vya Masika

Jumatatu, 3 Machi
Uji wa mtama. Vidonge vyekundu vitatu, vyeupe vidogo vinne. Masika kameza vyote. Wiki ya pili sasa tangu atoke wodini. Anafika chooni bila kushika ukuta. Jana alinigombeza kwamba bundu ina madonge, kwamba sijui kusonga muhogo mpaka leo. Nikafurahi. Dada yangu akigombeza, ujue anapona.

Nilipitia hospitali ya hapa Bwera kuchukua dawa zake, kisha nikaenda na pakiti yote sokoni mpakani kuuza vitenge vyangu. Mama Furaha, Mkongo anayeuza sombe, majani ya muhogo, pembeni yangu, akaiona pakiti ya vyeupe. "Hii ni ile ya kunona," akasema. "Kwetu banamuke beko nameza kila siku. Na weye uko mukavu sana, Biira."
Nilicheka. Yule mama hana breki.

Jumatano, 5 Machi
Mama yake Thembo alikuja kumwona mgonjwa. Mgonjwa alimtazama dakika mbili. Mimi alinitazama saa nzima, mikono, shingo, kama anachagua mbuzi. Thembo, mchumba wangu, yuko kiwandani Hima, na watu wake wanakuja kujitambulisha kwetu baada ya Pasaka. Akauliza kama mimi nimepimwa. Nimepimwa. Sina TB, sina kitu chochote. Ni mwembamba tangu tumboni. Lakini huku mwembamba ni mgonjwa, na mwembamba anayelala chumba kimoja na mwenye TB ya kichwani ni maiti anayetembea.
Nina hasira. Na uji wetu alikunywa wote, mama huyo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempa Masika vyeupe viwili. Viwili nimemeza mimi.

Jumapili, 9 Machi
Siku ya nne. Najiambia vyekundu ndivyo dawa yenyewe, vyeupe ni vya kuleta nguvu tu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nimejiambia mwenyewe na nikajikubalia.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani wamenisifu. Mashavu yamejaa, uso umekuwa duara. Nakula kama mtu aliyetoka kulima. Mama yake Thembo kaniita mwanangu, mara ya kwanza.

Masika alinishika shavu akacheka. "Umenona, mudogo wangu. Mungu iko mwema." Alinilea huyu, mama alipokufa nikiwa na miaka sita. Alinibeba mgongoni akienda shamba. Nikatazama pembeni.
Anasema kichwa kinamgonga tena kidogo. Nimemwambia ni jua.

Jumatatu, 17 Machi
Katapika asubuhi. Si jua.

Jumanne, 18 Machi
Kaniita kwa jina la mama. Mara tatu. Nikasema mimi ni Biira, akasema Biira bado mtoto, yuko shule. Nikampa vyeupe vinne kwa haraka, kama mwizi anayerudisha kuku usiku uleule. Vyote vikatoka na uji.
Naogopa sana.

Jumatano, 19 Machi
Gari la jirani mpaka Kasese, wodi ileile. Kufika Kinyamaseke, njiani, shingo yake ilikuwa imekaza, hainami. Nilimshika kichwa njia nzima. Jirani alinisifu, eti dada wachache wana moyo kama wangu. Sikumkatalia.

Alhamisi, 20 Machi
Musawo, daktari wa wodi, ni yuleyule wa mwanzo, kijana mrefu mwenye koti fupi. Kauliza, alikuwa anameza zote? Nyekundu na nyeupe?
Nikasema ndiyo.
Kauliza tena, taratibu. Nikasema ndiyo, musawo, kila siku, mimi mwenyewe ndiye nampa.

Kisha akanieleza, na afadhali asingenieleza. Akanishika kidole. "Ukichomwa na mwiba hapa, kidole inavimba. Mwiba ni kidogo, uvimbe ni mukubwa. Ni mwili yako inavimbisha, inataka kukusaidia. Kidole iko na nafasi. Ubongo iko ndani ya mufupa. Ikivimba, itaenda wapi?" Vyekundu vinaua vidudu, akasema. Vyeupe vinautuliza mwili usiuumize ubongo wakati unapigana. Mpaka vidudu viishe, vyeupe ndivyo vinamlinda.
Vya kuleta nguvu tu, nilijiambia.
Nilikwenda nyuma ya jiko la wodi nikakaa chini. Sikulia. Ningelia ningejiona mtu mzuri.

Ijumaa, 21 Machi
Wanasema dawa imeshindwa. Kama alimeza zote na bado kichwa kimevimba, basi huenda ni TB sugu. Watabadilisha dawa zote, watumie zile kali, na watampeleka mbali zaidi. Musawo anasubiri mkubwa wake aje kesho ndipo waamue. Nilisimama pale nikisikia. Neno moja tu langu lingetosha. Niliwaza Thembo, niliwaza mama yake, niliwaza soko zima la mpakani. Masika nilimwaza wa mwisho. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mchana akili yake ilirudi kidogo. Muuguzi akamwuliza kama labda kuna siku alikosa vidonge. Masika akakasirika, na kukasirika kwenyewe kulimuumiza. "Hapana. Biira hawezi kunikosesha. Huyu ni mutoto yangu. Alinipa kwa mukono yake."
Kisha akafunga macho kwa maumivu.
Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye nilikuwa nguoni mwake, nanona.

Jumamosi, 22 Machi
Nimesema.
Asubuhi, kabla mkubwa hajafika. Nilimkuta musawo kwenye meza ya faili. Nilitaka kuanza na Mama Furaha, na mama yake Thembo, na wembamba wangu. Nikaona hayo yote ni kitambaa cha kufunika. Nikasema vidonge vyake nilimeza mimi. Nusu, siku kumi na mbili.
Hakupiga kelele. Aliuliza nilianza lini, vingapi kwa siku, na nilivificha vipi asijue. Akaandika. Kalamu yake ilikuwa na sauti. Halafu, bila kuinua kichwa, akasema: "Hiyo mashavu niliiona juzi. Nilikuuliza mara mbili."
Alijua. Alinipa nafasi mbili, nikazikataa zote mbili.

Akasema hawatabadilisha dawa kwanza. Watamrudishia vyeupe kwa sindano, kipimo kikubwa, waone. Akasema na mimi nipimwe presha na sukari, kwamba nisirudie kumeza vile kwa akili yangu. Ananitibu na mimi. Hilo ndilo lilinitoa machozi, kwenye kiti cha wagonjwa, mbele ya watu.

Jumanne, 25 Machi
Shingo inanama. Kaniita Biira.

Jumapili, 30 Machi
Kala bundu kwa samaki. Lakini jicho la kushoto limeingia ndani upande wa pua na halitoki. Anaona vitu viwili viwili. Musawo anasema mshipa wa jicho ulibanwa na uvimbe. Labda litarudi, baada ya miezi. Labda halitarudi. Ningempa vinne kila siku, labda lisingeingia. Hakusema hivyo. Nasema mimi.

Alhamisi, 3 Aprili
Nimemwambia Masika. Musawo alisema si kazi yake kumwambia, ni yangu. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikasema kwa Lhukonzo, lugha aliyonifundishia sala. Alisikiliza mpaka mwisho. Akageukia ukutani. Nilingoja anigombeze. Maisha yake yote ananigombeza kwa madonge, kwa kuchelewa, kwa sufuria. Leo hapana.

Jumatatu, 7 Aprili
Nyumbani Bwera. Bado hajasema nami ila "maji", "mlango", "asante". Asante ndiyo inauma zaidi.
Nimempigia Thembo, nikamweleza yote. Akasema atanipigia. Hajanipigia.

Jumatano, 9 Aprili
Mashavu yanashuka. Mama Furaha kauliza nimeugua nini. Nikamwambia vidonge vya kunona vinaua, na nani nusura afe. Akasema, "Pole, mama." Nikapanga vitenge.

Ijumaa, 11 Aprili
Thembo kaja mwenyewe kutoka Hima. Anasema wazee wasubiri, si Pasaka hii. Hakusema lini. Sikumwuliza. Alimsalimia dada kwa heshima, akaondoka na pikipiki.

Jumapili, 13 Aprili
Mvua asubuhi, hatukwenda kanisani. Nilipika uji. Masika amekaa kwenye mkeka mlangoni penye mwanga. Leo vyekundu vitatu, vyeupe vitatu, musawo ameanza kuvipunguza. Nilimwekea kiganjani, nikakaa kando. Macho yanamwonyesha viwili viwili, kwa hiyo hayaamini. Anafumba macho yote, anavigusa kwa kidole, kimoja kimoja, midomo ikihesabu. Akifika sita anaanza tena. Nilishika kikombe cha uji nikamngoja amalize.