Diski ya Zaina mlimani Kasenyi

Kwa jina la Mola aliyeinua milima. Amisi ndugu yangu, Zaina na mwenye lori wamefika hapa Shari, juu ya mlima, sasa hivi.

Zaina, fundi, binti wa marehemu kaka yangu, alichonga mifereji kwenye diski ya ambreyaji, yaani klachi, na kubadili springi zake, ili lori lisitetemeke likiondoka. Josaphat mwenye lori alicheka: "Mwanamuke achonge diski? Ikitetemeka mara moja, natupa."

Wakipanda kutoka Kasenyi na shehena ya samaki, Zaina, aliyeshika usukani kando ya Josaphat, alisimamisha lori. Katikati ya mlima, Amisi. Alisimamisha.

"Weye iko na wazimu?" Josaphat akafoka.

Lori likaondoka kwa utulivu, bila kutetemeka. Mbele kidogo, akasimamisha tena, na lori likaondoka vilevile.

"Inatosha, mama. Nimeona."

"Bado, papa. Mara ya tatu ni ya kile kicheko chako."

Mola awahifadhi madereva waliobaki kule chini na diski zao za zamani.