Makaa Niliyoyaweka Shambani kwa Baba Mkwe

Mshauri mwema, nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya sampuli, naomba uninasue maana mambo yamenifika shingoni. Mimi ni mpanga sampuli katika kampuni inayotafuta makaa ya mawe kwenye mashamba ya watu, mashine ikichoronga inatoa vipande virefu vya mwamba na mimi navipanga kwenye masanduku kwa kufuata kina, halafu mjiolojia anapima unene wa tabaka la makaa ndipo kampuni inaamua kama shamba lina faida au halina. Miezi miwili iliyopita zamu ikaangukia shamba la baba mkwe, mzee ambaye miaka tisa ya ndoa yangu mimi kwake ni "yule wa mawe" basi, na siku ile alileta kiti akakaa karibu na mashine tangu asubuhi, kila kipande kikitoka anauliza, "Hayo ndiyo?" Hayakuwa yenyewe. Makaa yalitoka unene wa kiganja tu, tena yamechanganyika na udongo, nikamtazama nikaona haya kana kwamba mimi ndiye niliyemnyima, basi mjiolojia alipokwenda kula nikachukua vipande vya shamba la jirani vilivyokuwa havijapimwa, ambako tabaka linamfika mtu kifuani, nikajazia kwenye sanduku la mzee.

Ripoti ikatoka kwamba shamba ni tajiri. Tangu hapo mzee ananiita mwanangu, mshauri, mbele za watu, na ananivutia kiti mwenyewe. Msimu huu hajalima hata tuta moja. Sasa kampuni inarudi kuchoronga mara ya pili kabla ya kusaini chochote, itakuta mawe matupu, na mzee hasubiri, amesikia nyumba yake iko juu ya tabaka na Jumamosi anaezua mabati ayaokoe kabla tingatinga halijafika, na mvua ndiyo hizo zinaanza. Mke wangu hajui kitu, anashona mapazia ya chumba atakachofikia baba yake. Nisemeje nisipoteze kazi, mke, na huyu baba niliyempata ukubwani?

Mpanga Mawe

Mpanga Mawe,

Pole, kiu ya kuitwa mwana naijua. Lakini pole yangu inaishia hapo. Mzee hukumpa makaa, ulijinunulia neno moja kwa nyumba yake. Siku ya kwanza ungesema masanduku yamechanganyika, ukaponea kwa karipio. Umenyamaza miezi miwili, ukatazama msimu wa kulima ukipita huku umekalia kiti ulichovutiwa.

Unataka maneno yatakayokuachia kila kitu. Sina, na aliye nayo anakudanganya. Kazi hesabu imekwenda. Mkeo atalia, na sijui atakusamehe lini. Mzee huenda asikuite mwanangu tena maisha yake yote.

Leo hii nenda kwa mjiolojia, mwambie ni sanduku lipi na vipande vingapi. Na jirani je? Umechukua makaa yake, kwa hiyo shamba lake limepimwa pungufu, na katika barua yako yote hukumfikiria hata kidogo. Mjiolojia aandike matokeo ya kweli kwa mkono wake, kwa sababu mzee atataka ushahidi na neno lako halitatosha. Jioni mweleze mkeo, asije akayasikia kwa baba yake.

Kesho asubuhi nenda kwa mzee. Usitume mtu wala usipige simu. Usianze na habari za kumpenda, atadhani kosa ni lake. Mwambie, "Baba, makaa hayapo, niliyaweka mimi." Kisha funga mdomo, aseme mpaka achoke. Mbegu za muda mfupi bado zinawahi. Mpelekee, na akikuruhusu, ulime wewe.

Ukimkuta ameshapanda juu ya nyumba, mwombe ashuke kwanza. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea. Wewe utakuwa umepoteza baba, ila mvua ikinyesha yeye atalala pakavu.