Askari Anayesalimia

Koforidua,
Jumatano.

Kwa kaka yangu mpenzi Ofei,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini zitakukuta mzima, na kwamba kikohozi cha vumbi la bandari ya Takoradi kimekuachia. Mimi sijambo. Paka amezaa tena juu ya vitambaa vya wateja, na mteja mmoja amekataa kabisa kuchukua suti yake. Baba naye hajambo. Najua hukuuliza, lakini nimekujibu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Sasa nije kwenye kazi uliyonituma. Uliniambia kwamba katika ile gemu yenu, Ngome za Zohali, kila Jumapili alasiri huingia askari mwenye kofia ya manjano. Ninyi wa timu moja mkiwa mmejipanga uani kusubiri mlio wa kuanza vita, yeye anaanzia kwa aliye kulia kabisa, anachuchumaa mbele yake, kisha anakwenda kwa wa pili, na wa tatu. Mlio ukilia ninyi mnakimbia, yeye bado anachuchumaa, na maadui wanamtoboa mgongo. Ukasema mmempa jina la Mzee Salamu na mnamcheka mpaka mbavu zinauma. Lakini siku moja ulipoangushwa, wenzako wote wakakupita, ni yeye peke yake aliyerudi kukuinua, akapigwa akafa palepale. Ubao wa majina ukaonyesha kwamba anacheza kutoka mji wetu. Ukaniambia nikuchunguzie huyo mwehu ni nani.

Mimi na gemu ni mbingu na ardhi, unajua. Lakini swali lako lilinikaa kichwani kama wimbo wa tangazo. Mtu wa namna gani anaingia vitani kusalimia? Nikaulizia hapa na pale, nikaambiwa gemu hiyo kwa hapa mjini iko kwa Mamle tu, yule mama Mkrobo mwenye kibanda nyuma ya soko la shanga.

Mdomo wa Mamle hauna pazia. Kabla sijamaliza kueleza aliniuliza kama nimekuja kumfumania mume, maana wake za watu humjia kila wiki. Nilipomtajia kofia ya manjano akaketi kwanza ndipo akacheka. Akasema mteja huyo alikuja hajui hata pedi ya kuchezea inashikwa upande gani. Miezi mingi alicheza ile sehemu ya kusaidiana, ambako askari wanne wanapigana na wadudu wa chuma na hakuna anayeweza kuvuka peke yake. Binti yake Mamle ndiye aliyemfundisha, na kila mdudu akifa mteja alikuwa anasema pole.

Alipohamia kwenye sehemu ya watu kupigana na watu, Mamle alichoka kumwona akifa. Anasema alimpigia kelele, “Wewe mzee, piga kwanza, utasalimia baadaye!” Akajibiwa kwamba mtu anayeingia kwenye watu akaanza kufyatua kabla ya kusalimia hakulelewa, na anayeanzia kushoto hakuzaliwa kabisa. Mamle akamshauri basi aende moja kwa moja kwa yule anayemtaka. Akajibiwa kwamba huwezi kuwaruka watu ili umfikie wako.

Hilo neno “wako” ndilo lililonirudisha pale Jumapili, nikitoka kanisani. Mteja huyo alikuwa ameketi amenipa mgongo, kitambaa chake cha ibada kimetupwa begani, vijana wawili wakimtania, “Mzee Salamu, leo utafika wa nne?” Nilitazama chini nikaona makubazi ya ngozi. Kaka, makubazi yale nayang'arisha mimi mwenyewe kila Jumamosi.

Ni Baba.

Aliponiona aliificha pedi ndani ya kitambaa, akaniuliza kama ibada imekwisha, na hali kanisani tulikaa naye benchi moja! Nikacheka, kisha nikalia, akanivuta niketi. Akaniuliza kama naikumbuka siku ile. Nani asiyeikumbuka? Wajomba wameingia kutoka Akropong, wewe unacheza gemu, macho kwenye runinga, ukawapungia mkono wa kushoto. Wa kushoto, Ofei, kwa wazee! Baba aling'oa waya, akasema maneno ambayo baba hasemi, ukaondoka na begi moja, na tangu hapo miaka mitatu hupokei simu yake.

Sasa sikiliza alichoniambia, nami nakuandikia kama alivyokisema. Alisema, “Asabea, nimejifunza. Kidole cha kulia ndicho kinachofyatua. Ukikiachia kidogo tu, umekwisha. Siku ile mwanangu alitoa mkono aliokuwa nao.”

Jina lako la gemu ndilo lililokufichua. Nani mwingine angejiita Nana Opare, jina la babu yetu? Baba alilikumbuka kutoka kwenye runinga ya nyumbani, akamwomba Mamle alitafute, na tangu alipolipata anaingia kwenye timu yako kila Jumapili kukusalimia. Lakini wewe unasimama kushoto kabisa, karibu na ukuta wenye ile bunduki kubwa, naye anaanzia kulia. Hajawahi kukufikia. Mara moja tu alikufikia, na siku hiyo ulikuwa umelala chini.

Aliniomba nisikuambie. Sikuapa, niliitikia kwa kichwa tu, na kichwa changu unakijua. Nakuomba, Ofei, Jumapili hii iache hiyo bunduki. Simama kulia kabisa, uwe wa kwanza. Akichuchumaa mbele yako, nawe chuchumaa. Mlio ukilia usikimbie. Kama ni kupigwa mpigwe wote wawili, mkiwa mmekwisha kusalimiana.

Mamle anakusalimu, ingawa hakujui. Anasema Jumapili hatamtoza Baba chochote, mradi naye apate nafasi ya kusimama nyuma ya benchi aone. Wasalimie wenzako wa bandarini, na ule vizuri, usiishi kwa kenkey ya jana. Mimi nitakuwa kwenye benchi, upande wa kulia wa Baba.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Asabea